Nimejaza chumba makoti ya majina makubwa, hela siioni, na mteja ananiita tapeli

Shikamoo Anti,

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, na naomba jina langu ulifiche maana mke wangu naye anakusoma, ingawa najua akifika mstari wa tatu tu atakuwa ameshajua ni sisi.

Nauza nguo za kiume za mtumba onlaini, lakini sio mtumba wowote, nachagua za dizaina tu, suti, makoti, mashati, viatu vya ngozi, vitu vya majina. Nilianza na vya kwangu mwenyewe vilivyokuwa vimenibana, vikatoka haraka, nikaona kumbe hapa kuna hela. Nikaanza kuzunguka natafuta, nachambua marundo mpaka vidole vinakuwa vyeusi, na sikufichi Anti, ile unageuza kola ya koti unakutana na jina ambalo dukani mtu analilipia mshahara wa miezi, moyo unapiga hadi nasahau kula.

Sasa shida zangu ni tatu ila zimefungana.

Ya kwanza ni chumba. Tuna chumba kilikuwa cha wageni, siku hizi mgeni akija analala sebuleni. Mifuko imejaa chini ya kitanda, nyuma ya mlango henga za nguo zimepandana hadi mlango haufunguki wote, viatu viko dirishani. Nyingi hata picha sijapiga. Mke wangu alianza kwa utani, sasa hivi hatanii tena. Juzi kaniambia atamwita mtu aje azoe kila kitu kwa bei ya jumla, akasema hii sio biashara ni mapenzi, na yeye hajawahi kuona mapenzi yanayolipa kodi ya nyumba. Nikamwambia hela ipo, imelala tu kwenye nguo. Akaniuliza inaamka lini. Nikakosa jibu.

Ya pili ni mteja. Nilipata koti la sufu la kijivu, zuri kwelikweli, ndani kwenye mfuko wa kifuani lina lebo ya Ermenegildo Zegna. Lebo sio feki, imefumwa safi, herufi zimenyooka. Nikaandika "koti la Zegna", nikaweka bei ya Zegna, likanunuliwa siku hiyo hiyo. Lilipomfikia mteja akaniandikia kwamba hilo sio koti la Zegna na anataka hela yake yote pamoja na gharama ya kulirudisha. Nikamjibu soma lebo. Na yeye akanijibu soma wewe. Mwisho kaweka maoni kwenye ukurasa wangu kwamba nauza vitu vya uongo, na tangu hapo oda zimepungua. Anti, lebo ile ni ya kweli, naapa. Sasa nimrudishie hela wakati sijakosea? Nikirudisha si ndo nimekubali kuwa mi tapeli?

Ya tatu nina mkanda wenye herufi za kampuni kubwa kwenye chuma chake cha mbele, huo sina uhakika nao. Rafiki yangu anasema niuze tu, niandike "sijui kama ni orijino, mnunuzi aamue mwenyewe", hapo sitakuwa nimemdanganya mtu. Mdogo wangu naye anauza kwenye akaunti yake, kasema nimpe yeye aumalize.

Na bei pia sielewi. Naangalia wengine wanavyoweka naweka chini yao kidogo, lakini vyangu haviondoki. Nina koti la Armani limekaa msimu mzima, nina suti mbili za Kiitaliano, nina sweta la keshmia, ile sufu laini ya mbuzi, lenye vitundu vidogo viwili kwenye kiwiko nimelichomeka na mengine chini ya kitanda nasubiri fundi, yani mzigo upo, ni mtaji tu ndo umeganda.

Nishauri kama mwanao.

Mzee wa Lebo

---

Marahaba mwanangu,

Kabla ya mteja na kabla ya mkeo, inuka hapo ulipo ukalitoe hilo sweta chini ya kitanda. Umelitaja mwishoni kabisa kama kitu kidogo, na mimi ndo nilipokwama hapo, nikarudi kusoma mara ya pili nione kama nimeelewa vizuri.

Kuna nondo mdogo, ana rangi ya dhahabu iliyofifia, wataalamu wanamwita Tineola bisselliella. Yeye akishakuwa mkubwa hali kitu, wanaokula ni funza wake, na wanachokula ni sufu, keshmia, manyoya, yani kitu chochote kilichotoka mwilini mwa mnyama, na wanapenda zaidi nguo yenye jasho au uchafu kidogo iliyowekwa gizani pasipoguswa. Sasa soma tena maelezo ya chumba chako. Inawezekana vitundu vyako ni vya kusugua kiwiko mezani tu, sikatai, kitundu cha kusuguliwa kwa kawaida kinazungukwa na sehemu iliyokwisha kukonda, ukiinua kwenye mwanga unaona, wakati cha funza kinatokea ghafla katikati ya kitambaa kizima. Angalia pia kama kuna nyuzi nyepesi kama utando au vichembe kama mchanga kwenye mikunjo. Ukiviona, usiguse kingine chochote kabla ya kushughulika na hilo, maana funza hajui bei, atatoka kwenye sweta aingie kwenye suti za Kiitaliano.

Dawa yake ni baridi. Tia nguo kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa yote, funga, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na ukitoa usiufungue mfuko hadi nguo irudi kwenye joto la kawaida, vinginevyo itashika unyevu. Ile mifuko mingine yote toa nje, kung'uta, piga brashi kwenye mishono, chini ya kola na ndani ya mifuko, fagia hadi kwenye pembe za chumba. Na tafadhali usikimbilie vidonge vya naftalini, harufu yake ikishaingia kwenye sufu kuitoa ni kazi, na mteja akifungua kifurushi kikanukia hivyo amekukatia maksi kabla hajalivaa koti.

Haya, tuje kwa huyo mteja.

Mwanangu, lebo ni ya kweli na mteja yuko sahihi. Vyote viwili. Zegna walianza mwaka 1910 huko Trivero, kaskazini mwa Italia, na walianza kama kiwanda cha kufuma vitambaa vya sufu, suti zenyewe zilikuja miaka mingi baadaye. Hadi leo wanauza vitambaa kwa mafundi na kwa kampuni nyingine, na anayekata koti kwa kitambaa chao huwa anashona lebo ndani kuonyesha kitambaa kimetoka wapi. Ni kama mbao na kabati, mbao nzuri anaweza kuuziwa fundi yeyote ila kabati ni la yule aliyelipiga misumari. Lebo ya kitambaa mara nyingi inakaa pembeni ya mfuko wa ndani, tena nyingi zina neno Cloth, Fabric au Tessuto juu au chini ya jina, na lebo ya aliyeshona inakuwa kwingine, upande wa pili wa kifua au chini ya kola. Hukuniambia lebo nyingine ya hilo koti inasema nini. Nahisi ipo, ni jina la duka la kawaida tu, ukaipita kwa sababu haikukufurahisha.

Hiyo ndo shida yako yote, na sio kwa koti hilo peke yake. Unasoma jina unalolitaka, ukishalipata unaacha kusoma.

Loro Piana, Waitaliano wengine wa vitambaa, nao ni hivyohivyo, kitambaa chao kiko ndani ya makoti ya watu wengi. Twidi ya Harris vilevile, kile kitambaa kizito cha sufu chenye alama ya tufe lenye msalaba juu. Uingereza wana sheria ya mwaka 1993 kwa ajili yake, kitambaa lazima kifumwe kwa mkono majumbani mwa wenyeji wa visiwa vya Outer Hebrides huko Uskochi, ila sheria inalinda kitambaa, haisemi koti lishonwe wapi wala lishonwe vizuri. Kwa hiyo utakuta twidi halali kabisa imeshonwa koti bovu kabisa, na lebo ile ile inang'aa ndani.

Kwahiyo mrudishie. Hela yote, na nauli ya kulirudisha juu yako, leo. Hiyo ya kusema ukirudisha umekiri utapeli umejitungia mwenyewe, tapeli harudishi hela, tapeli anafunga akaunti. Ulichofanya ni kuandika kitu ambacho koti sio, kwa kutojua, basi sema hivyo bila kuzunguka: "Umesema kweli, kitambaa ndo cha Zegna, koti limeshonwa na kampuni nyingine, nilikosea kwenye maelezo, hela yako inarudi yote pamoja na gharama ya kutuma." Usimwambie nitarudisha ukifuta maoni, hapo ndo utakuwa umeharibu kweli, na apu nyingi haziruhusu hayo mapatano. Jibu maoni yake hadharani kwa maneno mawili matatu, umerudisha hela, umerekebisha maelezo, basi. Wanunuzi wa vitu hivi wanasoma majibu ya muuzaji kuliko wanavyosoma lawama.

Koti likirudi liweke tena sokoni. Andika koti la sufu la kijivu, kitambaa cha Ermenegildo Zegna, limeshonwa na nani, vipimo hivi, hali hii. Kuna watu wanatafuta kitambaa kizuri kwa bei nafuu na jina la mshonaji haliwasumbui hata kidogo, na hao hawatakurudishia.

Sasa hilo la Armani. Umeniandikia "koti la Armani" ukaishia hapo, na kama hata kwenye tangazo umeishia hapo sishangai limekaa msimu mzima. Armani gani? Giorgio Armani ndo ya juu. Chini yake kulikuwa na Armani Collezioni na Armani Jeans, Emporio Armani, na A|X Armani Exchange ambayo ni ya bei ya chini zaidi. Mwaka 2017 kampuni ikatangaza kupunguza, Collezioni na Jeans zikamezwa, wakabaki na Giorgio, Emporio na A|X. Kwahiyo ukiwa na Collezioni ni ya zamani, sio mbaya, lakini anayejua hawezi kuilipia hela ya Giorgio Armani, na asiyejua atakuuliza inboksi maswali kumi na hatanunua. Ralph Lauren ndo balaa zaidi, Purple Label ya juu kabisa na Chaps ya bei ya chini zote zilianzishwa na mzee mmoja ila ubora ni mbingu na ardhi, katikati yao kuna Polo, kuna ile ya Lauren, kila moja ina soko lake. Na Pierre Cardin aliliuza jina lake kwa leseni, yani kampuni nyingine zinalipa ili zilitumie, kwenye bidhaa mamia kwa mamia, ndo maana mashati yake yapo kila rundo na hakuna anayeyagombania. Jina ni mlango tu.

Ukishaingia, shika koti lenyewe. Bana kitambaa cha mbele chini kidogo ya tundu la kifungo cha mwisho, vuta upande wa nje na bitana taratibu, visugue kwa vidole. Ukisikia kuna kitambaa cha tatu katikati kinacheza peke yake, koti lina kanvasi iliyoshonwa, huo ni ushonaji wa gharama. Ukisikia tabaka mbili tu na la nje limekakamaa, limegandishwa kwa gundi. Fanya hivyo na juu pia karibu na kola, maana mengine yana kanvasi nusu, kifuani ipo chini haipo. Lililogandishwa sio takataka, linauzika, lakini angalia kifua kwenye mwanga wa pembeni, ukiona malengelenge gundi imeachia, na hilo fundi hana cha kufanya, liache hapo hapo hata liwe na jina la nani.

Halafu makwapa, ndani na nje. Kola kwa nyuma inapogusa shingo. Suruali ya suti inua juu ukiiweka kwenye mwanga, katikati ya miguu ndo inakwisha kwanza, ukiona mwanga unapenya huyo ameshakwenda. Linganisha rangi ya suruali na koti lake mchana, sio kwa taa, kuna watu wanapeleka suruali peke yake kusafishwa miaka yote koti linabaki kabatini, mwisho vinapishana rangi na hiyo sio suti tena. Vifungo vya mkononi kama vinafunguka kweli jua kufupisha mkono kuna shida, matundu yameshatobolewa, fundi inabidi apandie begani na hiyo ni hela nyingine. Mabega ndo usiguse kabisa, koti likiwa pana mabegani anunue mwenye mabega.

Zipu ya YKK nayo isikudanganye. Ni kampuni ya Kijapani inayotengenezea karibu kila mtu, wazuri wanaitumia na wa kawaida wanaitumia, na feki nazo zinayo. Kwa nguo zilizopitia Marekani kuna kitu kizuri zaidi, namba inayoanza na RN kwenye lebo ya ndani, hiyo inatolewa na tume yao ya biashara, FTC, na unaweza kuitafuta bure kwenye tovuti yao ukaona kampuni gani imesajiliwa. Lebo ya mbele inasema jina kubwa, RN inakuambia kampuni nyingine ndo iliyoiingiza sokoni, hapo unajua unashughulika na leseni. Ila na yenyewe sio hati, anayenakili lebo ananakili na namba.

Vipimo sasa, na hapa nakuomba unisikilize kuliko pale pote, kwa sababu nina wasiwasi unaandika saizi iliyo kwenye lebo na kuondoka. Nguo ya mtumba imeshapita kwa fundi, imefuliwa, imepunguzwa kiuno ikaongezwa tena. Suti ya Kiitaliano ikisema 50, kwa Mwingereza na Mmarekani ni kama 40, ukisahau hilo unamuuzia mtu koti la mdogo wake. Suruali inayosema kiuno 34 ukiipima unapata 36 na haijaguswa na mtu, kampuni zinafanya hivyo makusudi ili mteja ajisikie mwembamba. Laza koti mezani, lifunge vifungo, pima kwapa hadi kwapa, bega hadi bega mgongoni, mkono kutoka mshono wa bega, urefu kutoka chini ya kola nyuma. Suruali pima kiuno ikiwa imelazwa uzidishe mara mbili, mguu wa ndani, na geuza pindo uone kimebaki kitambaa kiasi gani cha kushusha, mrefu akiona umeandika hilo atanunua wakati kwingine ameshakata tamaa. Piga picha futi ikiwa juu ya nguo. Na kasoro ipige picha kwa karibu kuliko jina, yani doa la kola liwe picha ya pili, sio ya tisa.

Bei unazitazama pasipofaa. Unaangalia wenzako wanavyoweka, na wenzako ni kama wewe, vitu vyao vimekaa vilevile, mnaangaliana nyie kwa nyie. Angalia vilivyouzwa. eBay, lile soko la mtandaoni, wana sehemu ya kuchuja vilivyouzwa tu, hata kama wewe huuzii huko utaona lebo hiyohiyo, saizi karibu na hiyo, mtu alitoa ngapi kweli. Halafu fanya hesabu hii. Chukua umeuza koti kwa 100. Ulilinunua 35. Apu imekata 13, kufungasha na kutuma 12, kusafisha na fundi 10. Unabaki na 30, unafurahi. Lakini ukiwa na makoti mawili ya 35 kila moja yamelala chini ya kitanda kwa kila moja linalotoka, hapo kuna 70 imekaa, 30 yako imeshamezwa na bado uko hasi 40. Mkeo hajapiga hii hesabu kwenye karatasi ila ameipata kwa kuangalia mlango usiofunguka.

Kwahiyo usinunue. Usiniambie "ila nikikuta kitu cha ajabu", hapana, hata ukikuta. Mpaka kila kilichomo chumbani kimepigwa picha, kimepimwa na kiko sokoni, hakuna kuchambua rundo. Najua unachokipenda ni kule kutafuta, umeniandikia kwa raha kuliko sehemu nyingine yote ya barua, kuuza umeniandikia kama adhabu. Vile ambavyo ukipima unaona kabisa havina faida, malengelenge, makwapa yameungua, mabega ya ajabu, fungasha kwa mafungu umuuzie hata huyo mtu wa jumla wa mkeo. Hasara yake ilishaingia siku uliyonunua, kuendelea kuviweka hakuiondoi.

Mkanda usiuuze. Hayo maneno ya rafiki yako hayakulindi, kuuza bidhaa feki ni kosa la kisheria katika nchi nyingi, na ukiandika "sijui kama ni orijino" umeweka kwa maandishi yako kwamba ulishuku ukauza hivyohivyo. Kama unaona una thamani ya kuhangaikia, peleka kwa wanaokagua kwa ada, wapo hadi wa kutazama kwa picha, ukirudi na jibu zuri uza na jibu lake. Jibu likiwa baya au usipotaka kulipa ada, mkanda haujauzwa. Na mdogo wako usimpe, akaunti yake ikifungwa utakuwa umemfungia wewe.

Kwa mkeo nenda na daftari, sio na maneno. Kila nguo, ulinunua ngapi, umeiweka bei gani, iko sokoni tangu lini. Alikuuliza hela inaamka lini, mpe tarehe, mkubaliane kwamba ikifika, kilichobaki kinaenda kwa jumla bila mjadala. Kitanda cha wageni kirudi kwa wageni kwanza, hata kama nguo zitabanana kwenye kabati moja lililofungwa vizuri, hilo analistahili kabla ya hesabu yoyote. Na wewe binti yangu, maana najua unasoma, huyo mtu wa jumla mwambie asubiri kidogo. Kuna suti mbili za Kiitaliano mle ndani na mumeo mwenyewe hajasema ni za nani, tusizitoe kwa bei ya matambara.

Ukishamrudishia mteja hela niandikie tena, na hilo la Armani lipige picha lebo zote, ya kifuani, ya mfukoni na ile ndogo nyeupe iliyojificha ndani ya mfuko, tuone ni lipi.

Anti